Ndege ya Jeshi Iko Juu, Redio Iko Mkononi, na Hamsikilizani: Tafuta Kasoro Hapa

Mwongozo huu ni wa watu wa chini: mhudumu wa zahanati ya ufukweni, askari wa hifadhi, mjumbe wa kamati ya maafa ya wilaya, mlinzi wa kiwanja cha vumbi. Huku Kigoma ndege ya jeshi haiji kila siku. Ikija, mara nyingi kuna mgonjwa, mafuriko, boti iliyozama au msafara wa kiongozi, na anayekabidhiwa redio ni yeyote aliyekuwa karibu. Mawasiliano yakikwama, neno la kwanza ni kwamba redio ni mbovu. Mimi nashikilia kwamba redio ndiyo ya mwisho kulaumiwa. Chunguza kwanza kama mko kwenye masafa ya aina moja, halafu chunguza kama kila mmoja anatumia neno kwa maana ileile. Kasoro nyingi zimejificha kwenye hayo mawili.

Kabla ya yote: redio ya masafa ya ndege ina kibali chake, na masafa hugawiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Ruhusa ya kutua au kuruka hutolewa na mwongoza ndege mwenye leseni, basi. Wewe uliye kwenye kiwanja kisicho na mnara unatoa taarifa: upepo unatoka wapi, njia imelowa au kavu, ng'ombe wako upande gani. Shika mpaka huo, kwa sababu kuna maneno yanaweza kukuvusha bila wewe kujua.

Dalili: kimya kabisa, wewe humsikii na yeye hakusikii

Anza na bendi, yaani kundi la masafa (VHF, UHF), na mtindo wa kubeba sauti (AM au FM). Ndege za kiraia huongea kwenye VHF kati ya 118 na 137 MHz kwa mtindo wa AM. Ndege za jeshi za nchi nyingi zina redio hiyo, na zaidi yake zina UHF ya kijeshi, 225 hadi 400 MHz, nayo ni AM. Wanajeshi wa ardhini hutumia VHF ya chini, 30 hadi 88 MHz, FM. Halafu kuna redio kolu za mkononi zilizojaa kwenye ofisi na mashirika, ambazo kwa kawaida ni VHF ya 136 hadi 174 au UHF ya 400 hadi 470, zote FM.

Mtego uko hapa. Mtu wa ndege anauliza kwa simu siku moja kabla: mna UHF? Wa chini anageuza redio, anasoma kibandiko cha mgongoni, anaona UHF, anajibu ndiyo. Wote wawili wamesema kweli, na kesho yake hawatasikilizana hata wakikaribiana kiasi cha kupungiana mikono. UHF ya ndege inaishia pale UHF ya redio kolu inapoanzia, na mmoja ni AM, mwingine FM.

Dawa yake ni kuuliza namba, usiulize jina la bendi. Megahezi ngapi, AM au FM? Swali hilo moja likiulizwa mapema linaokoa asubuhi nzima. Na ombi langu la kwanza siku zote ni hili: wapeni redio ya VHF ya ndege watu wa chini, na mwombeni rubani ashuke kwenye VHF. Ndege za usafirishaji na helikopta za jeshi kwa kawaida hubeba redio zaidi ya moja, kwa hiyo ni rahisi yeye kubadilisha kuliko wewe kutafuta redio ya UHF ya kijeshi Kasulu.

Ukiwa umepata masafa yenyewe lakini mtindo ni FM badala ya AM, kimya huwa si kamili. Redio inaonekana kuamka kila rubani anapobonyeza, taa inawaka, lakini maneno yanatoka hafifu na yameparuzwa. Watu wengi wakiona hivyo wanabadilisha betri. Betri haina kosa.

Sababu nyingine ya kimya ni redio za kijeshi zinazorukaruka masafa ili adui asizizibe wala kuzisikiliza. Redio ya kawaida haiwezi kuzifuata, na hata redio ya aina hiyohiyo isiyowekewa saa na funguo za siri za siku hiyo haisikii kitu. Usidhani wanajeshi wenyewe wamesalimika na hili. Tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraki, ndege mbili za kivita za Marekani aina ya F-15 ziliangusha helikopta mbili za Marekani aina ya Black Hawk, wakafa watu 26. Uchunguzi ulionyesha makosa mengi, na mojawapo lilikuwa hili tunalolizungumza: helikopta zilibaki kwenye masafa ya njiani huku ndege za kivita ziko kwenye mengine, na redio za kurukaruka za F-15 hazikuwa na mwenzake ndani ya zile helikopta. Redio zote zilikuwa nzima.

Kuna pia kutajiwa masafa nusu. Utaratibu wa sasa ni kutaja tarakimu zote sita, isipokuwa mbili za mwisho zikiwa sifuri. Kwa hiyo 118.100 husomwa "one one eight decimal one", lakini 118.125 husomwa yote. Wakongwe bado hukata mkia wakasema "one one eight decimal one two". Ukisikia hivyo, jaribu 118.125 kabla ya kukata tamaa.

Ukikosa yote na kuna maisha ya mtu hatarini, yapo masafa ya dharura: 121.5 MHz kwa VHF na 243.0 MHz kwa UHF ya kijeshi. Marubani huyaita "guard". Ni ya dharura, si ya majaribio wala kuulizana mko wapi.

Dalili: mmoja anasikia, mwingine hasikii

Hapa ndipo chombo chenyewe kinaingia. Ukimsikia vizuri lakini yeye hakusikii, tazama taa ya redio unapobonyeza kitufe cha kuongea. Ikififia au redio ikajizima, betri imechoka. Kupokea kunakula umeme kidogo, kurusha kunakula mwingi, hivyo betri iliyochoka husikiliza kutwa nzima na hufa unapofungua mdomo. Yeye akikusikia na wewe humsikii, legeza skwelchi (kirungu kinachonyamazisha mvumo) mpaka usikie mvumo, kisha ikaze kidogo. Hakikisha pia plagi ya hedifoni imezama yote.

Antena nayo ina kipimo. Kwa 125 MHz, robo ya wimbi ni kama sentimita 60. Kwa 300 MHz ni sentimita 25. Antena fupi ya kununuliwa inaweza kufanya kazi kwa karibu, lakini kuihamisha kutoka redio hii kwenda ile kwa sababu tu inaingia kwenye soketi ni kujitafutia shida. Isimamishe wima. Toka chini ya bati, toka ndani ya gari.

Halafu kuna milima. VHF na UHF hazipindi. Chukua urefu wa ndege kwa futi juu ya usawa wako, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.23, unapata maili za baharini ambazo mawimbi yanaweza kufika pakiwa wazi. Futi 10,000 zinakupa kama maili 123, yaani kilomita 228; futi 1,000 zinakupa kama maili 39, yaani kilomita 72 tu. Na huku kwetu hakuko wazi. Mlima Nkungwe kule Mahale una mita 2,462, yaani umeinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya maji ya Tanganyika. Rubani anayefuata ufukwe kwa chini akipita nyuma yake, amekatika, wala hajaanguka. Mpe dakika zake, na usihamishe masafa kumfukuza, kwa sababu akitokea upande wa pili hatakukuta.

Kwa umbali wa Kigoma hadi Tabora chini kwa chini ni HF, bendi ya masafa ya chini zaidi inayofika mbali. Mchana panda masafa, usiku shuka. Ukisikia sauti kama ya bata, mmoja wenu yuko pembeni kidogo ya masafa au ameweka upande usio wake. Ndege hutumia upande wa juu, yaani USB. Msimu wa mvua, ngurumo za upande wa Kongo zitakukwaruza jioni hata ufanye nini.

Dalili: filimbi badala ya maneno

Wawili wamebonyeza kwa pamoja. Kwenye FM mwenye nguvu humfunika mwenzake na hujui kama kulikuwa na mwingine. Kwenye AM zinagongana na kutoa mlio, na hiyo ni sababu nzuri ya ndege kubaki na AM: mlio ule unakuambia kuna maneno yamepotea.

Yanaweza kuwa maneno gani? Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Boeing 747 ya KLM na nyingine ya Pan Am ziligongana kwenye ukungu, wakafa watu 583. Mnara ulikuwa unamwambia rubani wa KLM asubiri, na wakati uleule rubani wa Pan Am alikuwa anasema bado wako kwenye njia ya kurukia. Sauti mbili zikakutana, na ndani ya KLM kukasikika mlio mkali.

Kwa hiyo filimbi ikilia, chukulia hujaambiwa kitu. Sema "blocked, say again", acha kitufe, subiri. Kabla ya kila wito sikiliza kwanza, kisha panga sentensi kichwani, ndipo ubonyeze. Mlio usipokatika kabisa, kuna kitufe kimenasa mahali. Anza na chako, maana mwenye kitufe kilichonasa ndiye pekee asiyesikia kwamba amewazibia wote.

Dalili: maneno yanasikika safi, lakini hamuelewani

Hii ndiyo kasoro ninayoiona ina hatari kuliko zote, kwa sababu kila mtu anaondoka ameridhika.

Anza na "Roger". Maana yake ni nimepokea ulichosema, na inaishia hapo. Haina maana ya ndiyo, wala nakubali, wala nitafanya. Nitafanya ni "Wilco". Ndiyo ni "Affirm", hapana ni "Negative". Ukimuuliza rubani "utatua?" akajibu "Roger", hajakujibu, muulize tena. "Stand by" ni subiri, wala si kibali wala katazo. "Over" ni nimemaliza, nangoja jibu. "Out" ni nimemaliza, singoji jibu. Kuyasema yote mawili kwa pamoja kama kwenye sinema kunamwacha mwenzako hajui afanye lipi.

Ukitaka arudie, sema "say again". Usiseme "repeat". Kwenye majeshi mengi hilo la pili ni neno la mizinga: piga tena palepale.

Neno "take-off" liache kabisa. Tangu Tenerife linatumika tu pale mwongoza ndege anapotoa au kufuta ruhusa ya kuruka. Kwa mengine yote husemwa "departure". Vivyo hivyo "cleared". Mlinzi wa kiwanja anataka kusema njia haina kitu, anasema "you are clear", na rubani aliyechoka anasikia ruhusa. Mwambie unachokiona: "no animals on the runway, surface dry, wind from the lake". Uamuzi ni wake.

Kisha yapo maneno mafupi ya marubani wa kijeshi, hasa wa nchi za NATO na wanaofuata mtindo wao. Yajue ili uyaelewe. Kwa mfano, ndege inatoka ng'ambo ya ziwa, na rubani anasema "feet wet". Mtu asiyejua anaweza kukimbilia boti akidhani imetua majini. Rubani ametoa taarifa tu kwamba sasa anaruka juu ya maji; akifika nchi kavu atasema "feet dry". "Angels five" ni futi 5,000. "Bingo" ni kwamba mafuta yaliyobaki yanatosha kurudi nyumbani tu, kwa hiyo akisema "bingo" huku wewe bado unatafuta machela, maongezi yamekwisha, anaondoka. "Joker" hutangulia, ni onyo kwamba "bingo" inakaribia, ukilisikia, harakisha. "RTB" ni narudi kambini. "Push" ikifuatwa na namba au rangi ni hamia masafa hayo. "Bent" ni chombo fulani hakifanyi kazi. "Squawk" ni namba ya transponda, kifaa cha ndege kinachojibu rada, haikuhusu.

Ila usiyatumie. "Visual" kwao ni namwona mwenzetu, "tally" ni nimeona shabaha au adui. Kijana wa chini aliyeyaokota kwenye michezo ya kompyuta akimwambia rubani "tally" kwa maana ya nakuona, amemwita shabaha. Sema "I see you, I am on your left". Rubani wa kijeshi anaelewa lugha nyepesi, na anaiheshimu zaidi ya maneno ya kuazima.

Kwa ndege za jeshi letu Kiswahili kinafaa kabisa, lakini salamu zisubiri. "Shikamoo afande, habari za safari, poleni sana" ni adabu njema akishashuka. Hewani inaziba masafa wakati yeye anatafuta njia. Wito kamili ni mfupi. Tuseme ndege inaitwa Mwewe Two One na wewe uko Kalya:

"Mwewe Two One, hapa Kituo Kalya, unanisikiaje?"
"Kalya, Mwewe Two One, nakusikia tano."
"Mwewe Two One, mgonjwa mmoja wa machela, kiwanja kikavu, upepo kutoka ziwani, wa wastani. Kalya."

Unayemwita anatangulia, wewe unafuata. Ile tano ni ya juu kabisa kwenye kipimo cha usikivu cha moja hadi tano.

Dalili: namba zinageuka njiani

Sita na tisa zina sauti zilezile zilizopangwa kinyume, na redio yenye mkwaruzo haijali mpangilio. Hata mkiongea Kiswahili, namba zisomeni kwa mtindo wa ndege, tarakimu moja moja: "tree" kwa tatu, "fower" kwa nne, "fife" kwa tano, "niner" kwa tisa. Matamshi hayo yametengenezwa makusudi yasifanane. Na kila namba irudiwe na aliyeipokea.

Saa ndiyo mbaya zaidi. Ndege hutumia saa ya Zulu, yaani saa ya dunia (UTC), na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Rubani akisema atafika "zero niner zero zero Zulu", ni saa sita kamili mchana kwetu. Aliyesikia "nine" akaandika saa tisa amechelewa kwa muda wa saa tatu; aliyeandika saa tatu asubuhi atamkalisha mgonjwa juani kwa muda wa saa tatu bure. Na mashariki ya Kongo na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo ndege iliyotokea huko inaweza kuja na saa nyingine tena. Andika Zulu kama ulivyoipokea, pembeni andika saa ya kwetu, kisha msomee rubani ile ya Zulu.

Dalili: anazunguka mahali pasipo penu

Mmepeana mahali kwa mitindo miwili. Simu inakupa nyuzi zenye desimali, mfano 5.08 kusini kwa Tabora. Marubani wengi huweka nyuzi na dakika. Akisikia tano nukta sifuri nane akaingiza nyuzi 5 dakika 8, amekosea kwa karibu kilomita 6, kwa sababu 5.08 ni nyuzi 5 na dakika 4.8. Taja mtindo kwanza, namba baadaye: "nyuzi na desimali".

Wanajeshi hupenda gridi, yaani namba za miraba ya ramani, na mkoa wa Kigoma una mtego wake. Mstari wa nyuzi 30 mashariki, unaogawa kanda za gridi, unapita kama kilomita 40 mashariki mwa mji. Kigoma mjini na Ujiji ni 35M. Kasulu na Uvinza ni 36M, sawa na Tabora. Mahali palipo mbali na mstari kama huo mtu anaweza kuacha alama hizo za mwanzo akaeleweka. Hapa ukiziacha, tarakimu zilezile zinaweza kuangukia kanda nyingine. Ukisoma kutoka ramani ya karatasi ya zamani, sema hivyo pia, kwa maana kipimo chake cha msingi ni Arc 1960 na cha GPS ni WGS84. Tofauti yake ni mamia ya mita.

Dalili: anauliza kipimo cha hewa, jibu lako halimwingii

"QNH" na "QFE" ni kanieneo ya hewa anayoweka rubani kwenye kipima urefu chake: "QNH" humwonyesha urefu wake kutoka usawa wa bahari, "QFE" urefu kutoka uwanja wenu. Kigoma iko kama futi 2,700 juu ya bahari, Tabora kama 3,870, kwa hiyo kuchanganya hayo mawili ni kumdanganya kwa kiasi hichohicho. Namba yenyewe inakusaidia kubaini: karibu na 1013 ni QNH, karibu na 918 kwa Kigoma au 880 kwa Tabora ni QFE. Rubani wa Kimarekani anaweza kutaka inchi za zebaki, ambako 29.92 ndiyo 1013. Kama huna baromita iliyopimwa, jibu "not available". Usimsomee ya kwenye simu.

Dalili: umejaribu yote na anaondoka

Acha redio, tumia ardhi. Alama za kimataifa za walioko chini ni V kwa tunahitaji msaada, X kwa tunahitaji matibabu, Y kwa ndiyo, N kwa hapana, na mshale kwa tumeelekea huku. Kila moja iwe na urefu wa angalau mita 2.5, kwa vitenge, maturubai au majani yanayopishana rangi na udongo. Rubani aliyeelewa hutikisa mabawa mchana. Usiku huwasha na kuzima taa zake za kutulia mara mbili. Asipofanya hivyo hajaiona, kwa hiyo ikuze au ihamishe itoke kivulini kabla hajarudi mzunguko wa pili.